Fahali wa Goli la Kaskazini

Juzi nimemkuta mmoja wenu, jina nitamsitiri, amepanda juu ya kiti katika ukumbi wa klabu, kitambaa mkononi, anasugua lile bango jipya la rekodi. Nikamuuliza, mwanangu unasugua nini? Akaniambia, "Babu, nzi wamechafua hapa, pembeni ya jina la huyu golikipa." Nikamwambia shuka kabla sijakushusha. Kile kidoa si uchafu wa nzi. Ni sifuri. Tarakimu za Kiarabu ndivyo zilivyo, sifuri yake ni nukta, na nukta ikikaa peke yake bila ya namba nyengine jirani, kila apitaye huiona uchafu. Sikumlaumu sana. Lakini nimeona bora niseme nanyi nyote kwa pamoja, maana nukta ile ina mtende mzima nyuma yake, na mwenyewe yu hai, na mie sina umri wa kungoja mpaka siku mtakayouliza.

Kwa wasionijua, mie ni Suud. Nilikuwa mtunza kiwanja wa klabu hii ya mpira wa magongo hapa Ibra, tangu kiwanja hakijawa kiwanja mpaka magoti yaliponiambia basi. Wengine mnanikumbuka kwa kukupigieni kelele mtoke kwenye mstari, chokaa haijakauka. Sikucheza hata mechi moja. Kwa hiyo msitegemee kusikia mabao yangu. Habari zangu mie ni za udongo.

Na udongo wenyewe, wacheni niuseme kidogo, kwani nyinyi mmezaliwa kwenye zulia la kijani. Kipande hiki alitupa jirani yetu, mzee Humaid, mwenye shamba la mitende. Alisema hata mbuzi wake hawakitaki, kimejaa mawe ya wadi, ule mto mkavu, chukueni. Tukakichukua. Tulikuwa vijana wa Unguja mjini, tumerudi kwenye nchi ya babu zetu na masanduku mawili matatu, lugha ya hapa tunaisema kwa kuchechemea, na hatukuwa na kitu cha kujivunia isipokuwa magongo. Aliyetukusanya alikuwa Maalim Hilal. Maalim alisomesha skuli Unguja na akisimamia kiwanja cha skuli, na yeye ndiye aliyenifunza kazi.

Somo lake la kwanza lilikuwa kuvua viatu. "Jicho linadanganywa na jua," alisema, "mguu haudanganywi." Basi tukifagia kwa makuti, halafu mie natembea peku kiwanja kizima, pole pole, na popote mguu unaposema aah, nainama natoa jiwe. Kumwagilia ni jioni, si asubuhi. Maji yalale na udongo usiku kucha, wajuane. Alfajiri, baada ya sala, ndipo unavuta pipa lililojazwa zege. Ukiwahi mno, udongo unang'ang'ania pipa kama unga wa chapati kwenye ubao. Ukichelewa, jua limeshaukausha na pipa linapita juu bila ya kufanya kitu. Ule wakati wa katikati hauna jina, lakini ukishaujua hutausahau.

Nusu duara ya mbele ya goli tulikuwa tunaichora kwa kamba na kigingi. Kamba ilikuwa ya makumbi ya nazi, ameileta Maalim mwenyewe kutoka kwao na akiionea fahari. Siku moja wageni wa Sur wakalalamika kwamba nusu duara yetu ni ndogo. Maalim akakasirika, akasema watu wa Sur wakishindwa hupima. Wakapima kweli, na ilikuwa ndogo. Kumbe kamba ya makumbi ikilowa umande hunywea, na mie nilikuwa nachora asubuhi mapema. Tangu siku hiyo tukatumia waya. Maalim hakuitaja tena ile kamba, na mie sikumkumbusha.

Golikipa wetu siku hizo alikuwa Sleiman. Ndiye huyo mwenye nukta. Alikuwa na gari lake la maji, akizunguka kuuza maji majumbani na mashambani, na kila jioni yakibaki maji kwenye tangi hupitia kiwanjani, anafungua mpira wa maji, tunamwagilia pamoja huku tunabishana. Tulibishana kila kitu. Kipi kitamu, biriani au pilau. Nani mrefu, yeye au mie, na hali kila mtu anaona kuwa ni mie. Lakini akiingia golini alikuwa mtu mwengine. Kinga zake za miguu zilikuwa za turubai, tumeshindilia usufi ndani, zikilowa jasho zinakuwa nzito kama magunia. Alikuwa hazungumzi. Anaegemeza kichwa upande mmoja.

Nilimuuliza kwa nini anakaa hivyo. Akanambia, "Nausikiliza." Udongo wetu ulikuwa unasema. Mpira ukija unakwaruza, na yeye kwa mkwaruzo ule alikuwa anajua unakuja upande gani na kwa kasi gani, hata kukiwa na miguu ya watu kumi mbele yake.

Sasa, nyuma ya goli la magongo, kama mnavyojua, chini kuna ubao. Mpira ukiingia unagonga ubao, na mlio wake unasikika mpaka barabarani. Watu wa Ibra waliokuwa hawajui chochote kuhusu mchezo wetu walijua kwamba ule mlio ni bao. Basi kulikuwa na msimu mmoja, ubao wa goli la Sleiman haukulia. Msimu mzima, hapa nyumbani, hata mara moja. Wamekuja Nizwa, wamekuja Sur, zimekuja timu za Maskati zenye viatu vipya, wameondoka. Tulikuwa tukiwapa kahawa na kuwaambia poleni.

Mechi ya mwisho ya msimu ule ndiyo ninayoiota mpaka leo. Dakika za mwisho, mtu wa Sur kampita kila mtu, kabaki yeye na Sleiman, akapiga. Mpira ukagonga jiwe. Wallahi sijui lilitoka wapi, nilikuwa nimepita na miguu yangu miwili. Ukaruka juu ya gongo la Sleiman, ukampiga mdomoni, ukadondoka mbele ya mstari, na yeye akaanguka juu yake. Alinyanyuka na damu kidevuni na jino mkononi. Akanitafuta kwa macho nje ya mstari, akapiga kelele, "Suud, jiwe lako limenivunja jino." Baada ya mechi alinikumbatia, akaninong'oneza kwamba bila ya lile jiwe lingekuwa bao.

Maalim Hilal akasema mtu aliyefanya jambo hili hatoki hivi hivi, hatuna kikombe, hatuna medali, basi tutampandia mtende. Pale nyuma ya goli la kaskazini, goli lake. Sote tukaona ni maneno mazuri. Na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo hakuna mtu wa Ibra angelifanya hata usingizini.

Sisi ni watu wa minazi. Mnazi unapandwa vipi? Unachukua nazi, unaifukia, inaota, unangoja, unapata nazi. Basi Maalim akala tende nzuri kuliko zote alizozikuta sokoni, akatoa kokwa, tukaifukia kwa heshima, Sleiman akaimwagia maji ya kwanza kutoka tangi lake. Tukasoma Fatiha. Ikaota. Tukafurahi kama watoto. Miaka ikapita, tunaumwagilia, tunaupogoa, Sleiman anaahidi kila mwaka kwamba tende za mwaka huu atatugawia. Kisha mwaka mmoja, baridi inakwisha, mtende ukatoa karara lake la kwanza, lile ganda la maua. Tukaita watu. Mzee Humaid akaja na bakora yake, akalipasua karara, akakung'uta, unga mweupe ukamwagika. Akatutazama mmoja mmoja.

"Hadha fahl," akasema.

Maalim Hilal, Kiarabu chake kilikuwa cha msahafu zaidi kuliko cha shambani, akageuka huku na huku. "Fahali? Yuko wapi? Nani kaingiza ng'ombe kiwanjani?"

Mzee Humaid hakujua Kiswahili, lakini alipofahamishwa alicheka mpaka akakaa chini. Akatueleza taratibu, kama mtu anavyosema na wageni, kwamba mtende haupandwi kwa kokwa kama unataka tende. Unachukua chipukizi kutoka ubavuni mwa mama, hapo unajua unapanda nini. Kokwa ni bahati, na nusu ya bahati ni dume, ndiyo hiyo fahl. Dume halizai. Linatoa unga tu, wa kutilia mitende majike. "Nyinyi watu wa Zanjibar," akasema, na hakumaliza, akaanza kucheka tena.

Tangu hapo mtende ukaitwa Fahali, na Sleiman naye akaitwa Fahali. Nyinyi mnadhani ni kwa ajili ya nguvu zake. Ni kwa ajili ya mtende.

Mitende iliyofuata tuliipanda kwa chipukizi kutoka kwa Mzee Humaid, na ile desturi ikabaki: anayefanya jambo ambalo halijafanywa, anapata mtende. Wa Nassor Shoto ni wa tende za khalasi. Nassor alikuwa wa mkono wa kushoto, na gongo la mkono wa kushoto halipo duniani, sheria haikubali. Yeye akaenda Sur kwa mafundi wanaochonga majahazi akachongesha lake, zuri la kupendeza, refa akalitupa nje kabla ya mechi kuanza. Nassor alilia machozi. Maalim akamshika mikono yote miwili, akamwambia, tazama, kwenye gongo mkono wa kushoto ndio unaokaa juu, ndio unaoamrisha, huyu wa kulia ni mtumishi wake. Wewe umezaliwa na bosi mwenye nguvu, unalia nini? Nassor huyo huyo akaja akawafunga Sur mabao manne siku moja, na rekodi ile hamjaivunja mpaka leo.

Wa Iqbal ni wa tende za khunaizi. Iqbal alikuwa Mpakistani, fundi cherahani hapa sokoni, anashona makanzu mchana na jioni anapiga kona fupi ambazo kipa alikuwa anazisikia tu. Wa Athumani, dereva kutoka Tanga, ni mabsali, zile tende za kuchemsha, kwa sababu alicheza mechi mbili siku moja katika jua la Juni na Mzee Humaid akasema huyu keshachemka. Na wa mwisho, mdogo, ni wa timu ya wasichana, uliopandwa baada ya mie kustaafu. Iko mingine, itafuteni wenyewe, tembeeni muisome.

Nimesema dume halizai, lakini kazi linayo. Kila mwaka baridi ikianza kukatika, Sleiman alikuwa anakuja kuchukua unga wa Fahali na kuupeleka kwa mitende ya wenziwe. Anatia kishada kidogo cha maua ya dume ndani ya shada la jike, anafunga kwa ukuti, anashuka. Alipokuwa na macho alipanda mwenyewe. Kisukari kikamchukua macho, akahamia Nizwa kwa binti yake Asila, na bado akaja kila mwaka, mwengine anapanda na yeye anakaa chini anaelekeza. Na kabla ya kuondoka lazima aende kuushika Fahali, aweke kiganja kwenye shina lenye makovu ya makuti. Siku moja nilimtania, nikamwambia unamsalimia ndugu yako? Akanijibu bila ya kucheka: "Nassor watu wanamsimulia. Mabao yake yana watu walioyaona. Ya kipa hayasimuliwi, Suud. Mie nikiushika mti huu ndio najua nilikuwepo."

Sasa nije kwenye mambo ya juzi.

Mwaka jana zikaja habari njema, kwamba tunapata kiwanja cha majani ya plastiki. Nimefurahi, msidhani sikufurahi. Ila nilipoambiwa kwamba plastiki nayo inamwagiliwa maji kabla ya mechi, nilikaa nikacheka peke yangu. Maisha yangu yote nimemwagilia udongo, leo watu wananunua plastiki na wanaimwagilia. Yusra, katibu wetu, mnamjua, mhandisi na mshambuliaji wa timu ya wasichana, ndiye aliyesimamia kila kitu. Akanijia nyumbani na ramani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Keti."

Hakukaa sawasawa. Nikajua kuna neno. Akafungua ramani, akanionyesha mitende itakavyohamishwa, mmoja mmoja, kwa winchi, kupandwa upya penye mlango. Aliipigania, nasema haki yake. Kampuni ilitaka kuikata yote. Kisha kidole chake kikafika nyuma ya goli la kaskazini, na pale palikuwa na alama ya msalaba.

"Babu, mti hii haizai," akasema. "Na imeinama, ya'ni, mashine haiwezi kubeba. Wanasema lazima ikatwe."

"Mti huu," nikamwambia. "Hauzai. Umeinama. Hauwezi kubebwa."

"Mti huu hauzai," akarudia, "umeinama, hauwezi kubebwa, lazima ukatwe."

"Haya," nikasema. Nilikuwa nimejifunga kwa sarufi yangu mwenyewe.

Nilikasirika, nasema wazi. Nikamwambia maneno ambayo baadaye nilimwomba radhi. Lakini nilikwenda kuutazama ule mtende na mhandisi wa kampuni, na nikawa sina ubishi. Uliinamia kiwanjani, urefu wake umeshapita mipaka, na chini shina lilikuwa limeanza kuliwa ndani. Upepo mmoja wa nguvu ungetosha. Wachezaji wenyewe ni nyinyi. Nani angetaka uwaangukie?

Yusra akauliza jambo la pili, na hili ndilo lililonivunja nguvu. Bango la rekodi lilikuwa linachapishwa. Kila jina lina namba yake. Nassor, manne. Iqbal, kona zake. Kwa Sleiman aandike nini? "Nikiandika sifuri," akasema, "watu wataona hakufanya kitu. Bora jina lake tusiliweke, babu, kuliko kumtia aibu."

Kwa hiyo mtende unaondoka na jina linaondoka. Mtu huyu hatabaki popote. Na wa kwenda kumwambia, nani? Hapana mwengine ila mie.

Nikaenda Nizwa. Njia nzima, kupitia Mudhaibi, nilikuwa nayapanga maneno, na kila nikiyapanga yanapanguka. Asila akanipokea, "Karibu ami Suud," akaleta kahawa na tende, akaisogeza sahani ya tende mbali na baba yake. Alipotoka tu Sleiman akanyoosha mkono, akaipata bila ya kupapasa.

"Umekuja na habari," akasema. "Ungekuwa huna habari ungepiga simu."

"Nimekuja kukutazama."

"Umeshanitazama. Haya, sema."

Nikamwambia. Sikupamba. Mtende, winchi, kuinama, bango. Alikuwa ameegemeza kichwa upande mmoja, vile vile kama golini, mpaka nikamaliza. Kahawa yangu ilikuwa imeshapoa.

"Wamesema hauzai?"

"Wamesema."

"Kweli, hauzai." Akatafuna tende yake. "Na huyo binti anaogopa kuandika sifuri."

"Anasema watu wataona hukufanya kitu."

"Lakini ndiyo kazi yenyewe, Suud. Kipa akifanya kazi yake hakuna kinachotokea. Mwambie aandike. Asiogope." Akaitema kokwa kiganjani. "Ila mti wasiukate kabla sijachukua unga wake wa mwaka huu."

"Hawataukata."

"Na kigogo chake, wasikifanye ubao wa goli. Miaka yote nimehangaika ubao usilie. Mtu asije akanifanya mie ndiye ninayelia."

Tulicheka sote wawili, yeye kwa kukohoa. Kurudi, nilisimama kituo cha petroli cha Mudhaibi kununua chai, na nikalia ndani ya gari kikombe mkononi. Mtu wa petroli akagonga kioo kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia chai ina moto.

Yusra alisubiri. Kampuni ilimpigia simu kila siku, na yeye akiwajibu kila siku kwamba bado. Makarara ya Fahali yalipokuwa tayari, Asila akamleta baba yake. Mpanda mitende wa shamba la jirani akayakata, akayashusha kwa kamba, na Sleiman akakaa juu ya mkeka akayapasua kwa mikono yake. Unga ukamjaa kwenye kanzu na ndevu. Akagawa vishada kwa majina, kila mtende fungu lake, huku anatukana kwa mapenzi: huu wa Nassor muutie kwa mkono wa kushoto, huu wa Iqbal msiukunjie kanzu, huu wa wasichana upeni kikubwa, bado mchanga. Vilivyobaki tukavianika, vikatiwa mfukoni, akapewa Yusra avitunze kwa mwakani. Kisha akaomba apelekwe. Akaweka kiganja kwenye shina. Hakukaa sana. Aliniambia nimrudishe garini, hataki kusikia mashine.

Mie nilibaki nikaisikia. Sitaisimulia.

Siku ya kufungua kiwanja mlikuwepo wengi wenu, lakini mliondoka baada ya biriani, na hili nitakalolisema lilitokea baadaye, viti vinakusanywa. Sleiman alikuwa bado yupo. Yusra alikuwa amempeleka mbele ya bango, akamshika kidole akakiweka juu ya ile nukta, iliyoinuka kidogo. "Ndogo," Sleiman akasema. Yusra akamwambia tunaweza kuikuza. Akakataa. Kisha akaomba apelekwe kwenye goli la kaskazini.

Akasimama golini na kanzu yake na fimbo yake ya kipofu. Akageuza uso kule ulikokuwa Fahali, kisha akaurudisha mbele. Akasema, "Binti, leta mpira."

Nilimkataza. Nilimwambia umri gani huu, utaumia, Asila ataniua mie. Akapanua miguu, akangoja. Yusra akanitazama, nami nikamwashiria, basi, taratibu. Akausukuma mpira polepole. Ukapita pembeni mwa mguu wake, akashtuka, umeshapita, na kama nisingeuzuia kwa kiatu changu ungefika kwenye ubao.

"Sisikii," akasema. Sijawahi kumwona na uso ule. "Udongo wenu huu hausemi."

Hapo nikajua la kufanya, kwa sababu ndilo jambo pekee ninalolijua duniani. Nikaenda kwenye mfereji, nikafungua maji. Vile vinyunyizio vya maji vikaanza kuzunguka, tik, tik, tik, na maji yakatanda kwenye majani mbele ya goli. Nikaacha mpaka yaenee, si mengi, yasisimame, yawe ya kulala juu tu. Nikafunga. Nikamwambia Yusra, sasa.

Akasukuma. Safari hii mpira ulikuja na sauti, ule mchirizo wa maji yanayopasuka, mwembamba, lakini upo. Sleiman akaegemeza kichwa. Mpira ulikuwa unakwenda kushoto kwake. Akatoa mguu wa kushoto, pole pole, mguu wa mzee, akauweka chini, na mpira ukaja ukagota kwenye kiatu chake ukasimama.

Ubao nyuma yake ulikuwa kimya.

"Suud," akasema, "wamekwisha kuandika?"

"Wameandika."

"Basi wasifute. Bado ni ile ile."